Jinsi ya Kufanya Utafiti wa Uzamili katika Informatiki ya Afya kwa Kutumia Data za MTUHA

Mwongozo huu ni kwa ajili ya mwanafunzi wa shahada ya uzamili ambaye amemaliza masomo ya darasani, au anakaribia kuyamaliza, na sasa anatakiwa kufanya utafiti wake mwenyewe katika informatiki ya afya, yaani taaluma inayoshughulika na namna taarifa za afya zinavyokusanywa, zinavyohifadhiwa na zinavyotumika kufanya maamuzi. Wanafunzi wa fani hii huingia kwa milango miwili. Wapo waliosomea uuguzi, udaktari, ufamasia au afya ya jamii, ambao wanaifahamu wodi lakini wanaiogopa kanzidata. Na wapo waliosomea kompyuta au takwimu, ambao wanaifahamu kanzidata lakini hawajawahi kuona rejesta ya wajawazito ikijazwa huku foleni imefika nje ya mlango. Kila kundi lina pengo lake la kuziba, na njia ya kuliziba kwa wote wawili ni ile ile: kuifuata namba moja ya afya tangu inapoandikwa kwa kalamu hadi inapoonekana kwenye dashibodi, yaani ukurasa wa kompyuta unaoonesha muhtasari wa namba.

Mifano nitakayotumia inatoka Tanzania Bara, katika Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya, ambao kila mtumishi wa afya anaufahamu kwa jina la MTUHA. Mwanafunzi wa Kenya, Uganda au Zanzibar atakuta majina ya vitabu na ofisi yanabadilika, lakini mpangilio wa kazi unabaki kuwa huo huo.

Hatua ya kwanza: ifuate namba moja kabla ya kutafuta mada

Mama anajifungua katika zahanati usiku wa manane. Muuguzi aliyekuwa zamu, ambaye pengine yuko peke yake, anamhudumia mama na mtoto kwanza, kisha anajaza mstari mmoja katika rejesta ya wodi ya wazazi, ile inayojulikana kama kitabu namba 12. Mwisho wa mwezi mtu anahesabu mistari hiyo, anaweka tali, yaani alama moja kwa kila tukio, anahamisha jumla kwenye fomu ya taarifa ya mwezi, na fomu inapelekwa halmashauri. Huko, au kituoni penyewe pale penye kompyuta na intaneti ya uhakika, jumla hiyo inaingizwa katika DHIS2, yaani programu ya mtandaoni inayokusanya taarifa za afya za vituo vyote. Baada ya hapo waziri, mfadhili na mtafiti wote wanaisoma kama ukweli.

Katika safari hiyo kuna angalau viungo vinne ambapo namba inaweza kubadilika: pale tukio linapoandikwa au kusahauliwa, pale mistari inapohesabiwa, pale jumla inapohamishiwa kwenye fomu, na pale fomu inapoingizwa kwenye mfumo. Vituo vingine vinatumia pia mfumo wa kielektroniki wa kuendesha hospitali, kama GoTHoMIS, sambamba na vitabu vya karatasi, na hapo unaongezeka mlango wa tano, kwa sababu mtumishi huyo huyo anaandika jambo hilo hilo mara mbili.

Omba kwa Mganga Mkuu wa halmashauri ruhusa ya kukaa na mratibu wa MTUHA wakati wa kuingiza taarifa za mwezi. Katika hatua hii hukusanyi data, wala huruhusiwi kuikusanya kwa kuwa bado huna kibali. Unatazama na kuuliza tu. Utajifunza mambo ambayo hayamo katika makala yoyote: kwamba fomu nyingi hufika kwa pamoja karibu na tarehe ya mwisho, kwamba baadhi ya wauguzi huhesabu mara moja na wengine hurudia, kwamba mtandao ukikatika kazi husubiri hadi jioni.

Kuhusu DHIS2 yenyewe, usiazime nenosiri la mtumishi unayemfahamu ili ujifunze, hata akikupa kwa moyo mweupe, kwa sababu kila kinachofanywa kwa jina lake kinaandikwa kuwa amekifanya yeye. Kitengo cha Chuo Kikuu cha Oslo kinachosimamia uendelezaji wa programu hiyo kimeweka mtandaoni mfumo wa mazoezi wenye data za mfano za Sierra Leone, na mtu yeyote anaweza kuingia humo akajaribu jedwali, ramani na dashibodi bila kumdhuru mtu. Inafaa pia kuifahamu historia yake kidogo, kwa sababu watahini hupenda kuiuliza: kazi iliyozaa mfumo huu ilianzia Afrika Kusini mwaka 1994, baada ya kuanguka kwa ubaguzi wa rangi, na Kenya ilipousambaza nchi nzima mwaka 2011 ilikuwa miongoni mwa nchi za mwanzo kabisa Afrika kufanya hivyo kupitia seva moja ya mtandaoni.

Hatua ya pili: ibane mada mpaka iwe swali linalojibika

Maandiko mengi ya utafiti, yaani mipango inayowasilishwa kabla ya utafiti kuanza, hufa kwa sababu ya upana. Mada kama “Changamoto za mifumo ya kielektroniki ya afya nchini Tanzania” haina mwisho, haina kipimo, na majibu yake yanajulikana kabla ya kuanza: umeme, mtandao, mafunzo, uhaba wa watumishi. Mwanafunzi atakayetumia mwaka mzima kuyarudia majibu hayo hajamsaidia mtu.

Linganisha na swali hili: katika zahanati na vituo vya afya vya halmashauri moja, idadi ya waliojifungua iliyopo kwenye rejesta inatofautiana kiasi gani na iliyopo katika DHIS2 kwa miezi ya Julai, Agosti na Septemba, na tofauti hiyo inaingilia kiungo kipi? Hapa mahali panajulikana, muda unajulikana, vitu vinavyolinganishwa vinajulikana, na kuna mtu halisi, yaani mratibu wa MTUHA, ambaye kesho yake asubuhi anaweza kubadilisha namna anavyofanya kazi kutokana na jibu.

Kipimo ninachopendekeza ni kuchora majedwali matupu. Kabla ya kuandika sura ya kwanza, chukua karatasi uchore kila jedwali utakaloliweka katika sura ya matokeo, lenye vichwa vya safu na mistari, bila namba. Kama kuna lengo mahususi lisilo na jedwali wala dondoo za mahojiano zitakazolijibu, lifute. Kama kuna jedwali ambalo huna njia ya kupata data yake, libadilishe sasa na si baada ya miezi sita.

Neno moja kwa wale wanaotaka kutengeneza programu ya simu. Tamaa hiyo ni njema na inaeleweka, hasa kwa waliotoka kwenye kompyuta. Lakini ukanda wetu umejaa programu za majaribio zilizokufa fedha za mradi zilipokwisha, na hali hiyo ilifikia kiasi kwamba mwaka 2012 Wizara ya Afya ya Uganda ilisimamisha majaribio mapya ya afya mtandao hadi uratibu uwekwe sawa. Ukitaka kutengeneza kitu, tengeneza kidogo, kiambatane na mfumo uliopo badala ya kusimama pembeni yake, na swali lako la utafiti liwe juu ya matokeo ya kukitumia. Mtahini wa informatiki ya afya hatakupa alama kwa sababu skrini yako inapendeza.

Hatua ya tatu: chagua kiunzi kimoja cha nadharia na ukitumie kweli

Kwa utafiti wa data za kawaida za vituo, kiunzi kinachofaa zaidi kwa maoni yangu ni kile kinachojulikana kama PRISM, kwa sababu kinagawa vyanzo vya ubora wa taarifa katika makundi matatu yanayoonekana kwa macho kituoni: ya kiufundi, kama ugumu wa fomu, ya kitaasisi, kama usimamizi na vifaa, na ya kitabia, kama ujuzi na ari ya anayejaza. Ukichunguza kwa nini watumishi wanaukubali au wanaukataa mfumo mpya, utakutana na modeli ya Fred Davis ya mwaka 1989 kuhusu kukubalika kwa teknolojia. Na ukitathmini mafanikio ya mfumo kwa jumla, utakutana na modeli ya DeLone na McLean ya mwaka 1992 iliyoboreshwa mwaka 2003. Usizirundike zote. Kiunzi kimoja kinachoonekana katika maswali ya hojaji, katika uchanganuzi na katika mjadala wa matokeo kina thamani kubwa kuliko vinne vinavyotajwa katika sura ya pili na kutoonekana tena.

Hatua ya nne: wasimamizi wawili

Omba msimamizi mmoja anayejua afya na mwingine anayejua mifumo au takwimu, na kikao cha kwanza wakutane wote wawili mbele yako. Wakitofautiana juu ya swali lako, ni bora watofautiane siku hiyo. Baada ya kila kikao waandikie barua pepe fupi yenye yale mliyokubaliana na tarehe ya kazi inayofuata.

Hatua ya tano: vibali, na heshima kwa wenye taarifa

Hapa ndipo ratiba nyingi huvunjika, kwa hiyo anza mapema kuliko unavyodhani inafaa. Andiko likishapita kwenye idara, linakwenda kwenye kamati ya maadili ya utafiti, iwe ya chuo au ile ya kitaifa iliyo chini ya Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR. Kwa Zanzibar mlango ni Taasisi ya Utafiti wa Afya Zanzibar. Kenya huhitaji pia leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu, pamoja na ruhusa ya kaunti, na Uganda ina Baraza lake la Taifa la Sayansi na Teknolojia. Kamati ikikubali, safari ya barua ndiyo inaanza: zahanati na vituo vya afya vya serikali viko chini ya OR-TAMISEMI, ofisi inayosimamia tawala za mikoa na serikali za mitaa, kwa hiyo barua hupitia ofisi ya Katibu Tawala wa Mkoa, kisha Mkurugenzi wa Halmashauri, kisha Mganga Mkuu wa halmashauri, na mwisho mganga mfawidhi wa kituo. Beba nakala za kutosha zenye mihuri, na usimruke hata mmoja kwa kudhani kwamba barua ya juu inatosha. Mganga mfawidhi anayekuona kwa mara ya kwanza umesimama kwenye meza ya rejesta zake ana haki ya kukuondoa.

Kisheria, Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na Kenya ina sheria yake ya mwaka 2019. Zote zinazitambua taarifa za afya kuwa taarifa nyeti zinazohitaji ulinzi wa pekee. Kama msimamizi wako yuko nje ya nchi na anatarajia utumiwe data yote, kuna makubaliano ya uhamishaji wa data ya kukamilisha kabla faili halijatoka, na kamati itakuuliza.

Zaidi ya sheria kuna jambo ambalo halionekani mpaka ulitafute. Wanafunzi hudhani kwamba wakifuta majina wamemaliza kazi ya kuficha utambulisho. Fikiria kijiji chenye kaya chache, na faili lako lina safu nne: kijiji, umri, jinsi na hali ya maambukizi ya VVU. Mwanamke wa miaka 43 katika kijiji hicho anaweza kuwa mmoja tu, na mtu yeyote wa pale akiona mstari huo anamjua. Kwa hiyo badilisha umri uwe kundi la umri, panda kutoka kijiji hadi kata au halmashauri, tumia mwezi badala ya tarehe kamili pale ambapo tarehe haihitajiki, na katika majedwali ya kuchapishwa usioneshe kisanduku chenye watu chini ya watano. Usipige picha za rejesta kwa simu yako ya kila siku. Simu nyingi zimewekwa zipeleke picha kwenye hifadhi ya wingu zenyewe, na ukurasa mmoja wa rejesta ya leba una majina, vijiji na matokeo ya vipimo vya kinamama wengi kwa mara moja. Tumia kishikwambi cha utafiti kilichofungwa kwa nenosiri na programu ya kukusanyia data kama ODK au REDCap, na uhesabu na kunakili kile tu ulichokiombea kibali.

Hatua ya sita: ukubwa wa sampuli

Kuna namba inayotembea katika tasnifu za vyuo vyetu, nayo ni 384. Inapatikana kwa kanuni ya kawaida ya kukadiria uwiano, ukichukua uwiano wa asilimia 50, kosa la asilimia 5 na uhakika wa asilimia 95. Kanuni si mbaya. Kinachosahaulika ni sharti lake, kwamba kila kitu kilichochaguliwa kinajitegemea. Mistari 20 ya rejesta ya zahanati moja haijitegemei, kwa sababu imejazwa na watu wale wale wenye mazoea yale yale.

Tuseme unataka kujua ni asilimia ngapi ya mistari ya kitabu namba 12 imejazwa safu zote zinazotakiwa, na utachukua mistari 20 kila kituo. Ukikadiria kwamba mgawo wa uhusiano ndani ya kituo, yaani kiasi ambacho mistari ya kituo kimoja inafanana, ni 0.05, kizidishi cha muundo, yaani namba ya kuongezea sampuli kwa sababu ya kufanana huko, ni 1 + (20 − 1) × 0.05, yaani 1.95. Kwa hiyo 384.16 inayotoka kwenye kanuni, ambayo kwa usahihi hupandishwa kuwa 385, inazidishwa na 1.95 na kuwa mistari 751, sawa na vituo 38. Kama halmashauri yako ina vituo 30 tu, sasa unajua mapema kwamba uchukue vituo vyote na ukubali kosa kubwa kidogo, au uongeze halmashauri ya pili. Kuongeza mistari kwenye vituo vile vile husaidia kidogo sana. Kinachosaidia ni kuongeza vituo.

Kwa mahojiano ya kina hesabu hii haihusiki. Panga idadi ya kuanzia, uchague watu wa kada na vituo tofauti, na uendelee hadi mahojiano mapya yasipoleta jambo jipya, kisha ueleze katika tasnifu ulijuaje kwamba umefika hapo.

Hatua ya saba: kazi ya vituoni

Usiende kituoni ndani ya gari la halmashauri ukiwa na Mganga Mkuu pembeni, hata kama ni usafiri wa bure. Muuguzi aliyezoea ziara za usimamizi atakuchukua kuwa mkaguzi, na utapata majibu ya ukaguzi. Nenda mwenyewe, fika baada ya foleni ya asubuhi kupungua, jitambulishe kwa mganga mfawidhi, onesha barua, eleza kwamba jina la kituo halitatajwa, kisha subiri upewe nafasi ya kukaa.

Swali la “Je, sista, mfumo huu ni rahisi kutumia?” huleta jibu moja tu, nalo ni ndiyo. Badala yake fungua ukurasa wa karibuni useme: “Naomba unioneshe jinsi ulivyojaza mstari huu wa mwisho.” Ataanza kueleza, na mara atakuonesha safu ambayo huiacha wazi kwa sababu kipimo chake hakipatikani kituoni, na alama ambayo watumishi wa pale wamekubaliana kuiweka kumaanisha mama aliyepewa rufaa, ambayo haimo katika maelekezo ya kitabu. Mtu anayehesabu tali mwisho wa mwezi, kama hajui alama hiyo, humhesabu mama huyo kana kwamba amejifungulia pale. Hapo umepata chanzo cha tofauti ambacho hojaji yenye maswali 60 isingekigusa.

Kama unapima urahisi wa kutumia mfumo wa kielektroniki, kipimo cha SUS cha John Brooke kina sentensi 10 na ni kifupi kwa mtumishi mwenye kazi nyingi. Sentensi zake hupishana, moja ikisifu na inayofuata ikilaumu, na katika Kiswahili zile za kulaumu huwakanganya watu zikitafsiriwa kwa haraka. Mpe mtu mmoja atafsiri, mwingine asiyeiona ya asili airudishe katika Kiingereza, kisha uzijaribu kwa wauguzi wachache ambao hawamo katika sampuli. Alama huanzia 0 hadi 100 lakini si asilimia, na wastani unaotajwa sana katika tafiti zilizopita ni 68. Mfumo uliopata 55 haujafaulu kwa sababu tu umevuka nusu.

Kwa kuhesabu rejesta, wahesabuji wawili wahesabu kila mmoja peke yake, na wakitofautiana warudie pamoja. Andika namba tatu kwa kila mwezi wa kila kituo: ya rejesta, ya nakala ya fomu ya mwezi iliyobaki kituoni, na ya DHIS2. Wengi huchukua ya kwanza na ya tatu pekee, na matokeo yake wanajua kwamba kuna kosa bila kujua liliingilia wapi.

Hatua ya nane: kusafisha na kuchanganua

Unganisha mafaili kwa msimbo wa kituo, kamwe si kwa jina. Majina kama Majengo au Mjimwema hujirudia, na tahajia ya fomu si ile ya mfumo. Kila kituo katika DHIS2 kina kitambulisho cha herufi na tarakimu 11, na Wizara ina rejesta ya vituo vya kutolea huduma yenye misimbo. Tengeneza jedwali la kuoanisha hivyo viwili kabla ya kitu kingine chochote.

Kisha shughulikia sifuri. DHIS2 kwa kawaida haihifadhi sifuri iliyoingizwa, isipokuwa kama kipengele husika cha data kimewekwa kihifadhi sifuri. Maana yake ni kwamba zahanati ambayo mwezi huo haikuzalisha mama hata mmoja, na zahanati ambayo haikuleta taarifa kabisa, zote mbili hukuonesha kisanduku kitupu. Ukiweka sifuri kila mahali umedanganya upande mmoja. Ukivifuta visanduku vyote umedanganya upande wa pili. Pakua pia taarifa ya utimilifu wa fomu kwa kila kituo na mwezi: penye fomu iliyowasilishwa na kisanduku kitupu, sifuri ina uwezekano mkubwa na unaweza kuithibitisha kwenye rejesta, pasipo na fomu, hiyo ni data iliyokosekana.

Sasa kwenye kipimo chenyewe. Uwiano wa uhakiki ni hesabu ya rejesta ikigawanywa kwa namba iliyoripotiwa. Chini ya 1 kituo kimeripoti zaidi ya kilichonacho, juu ya 1 kimeripoti pungufu, na tathmini nyingi hukubali tofauti ya hadi asilimia 10 kila upande. Tuseme kituo cha kwanza kina 46 kwenye rejesta, 46 kwenye fomu, na 64 kwenye DHIS2. Uwiano ni 0.72, na namba ya katikati inakuambia kisa chote: kituo kilihesabu sawasawa, na tarakimu zilipinduka wakati wa kuingiza. Kituo cha pili kina 38 kwenye rejesta, 35 kwenye fomu na 35 kwenye DHIS2. Uwiano ni 1.09, uko ndani ya mpaka, lakini kosa lake lilitokea kwenye tali. Dawa ya kituo cha kwanza iko halmashauri na dawa ya cha pili iko kituoni. Mafunzo kwa wauguzi wote hayatagusa kosa la kwanza hata kidogo.

Usijumlishe vituo vyote upate uwiano mmoja ukaishia hapo. Kituo chenye 40 kwenye rejesta kilichoripoti 50, na kingine chenye 60 kilichoripoti 50, kwa pamoja vina 100 kwa 100, uwiano wa 1.00, na vyote viwili vimekosea. Onesha mtawanyiko wa vituo, kimoja kimoja. Vilevile usitumie mgawo wa uhusiano wa Pearson, unaopima jinsi namba mbili zinavyopanda na kushuka pamoja, kama ushahidi wa kuafikiana. Kama kila kituo kingeripoti mara mbili ya ukweli, mgawo huo ungekuwa 1 kamili. Tumia mchoro wa Bland na Altman, unaoonesha tofauti ya kila jozi ya namba dhidi ya wastani wake, wataalamu waliotoa hoja hii katika jarida la Lancet mwaka 1986, au uwiano wa uhakiki wenyewe pamoja na mipaka yake.

Ukifanya uchanganuzi wa miaka mingi, chunguza mambo mawili kabla ya kufurahia mruko wowote kwenye mchoro. La kwanza ni matoleo mapya ya vitabu na fomu, ambayo hubadilisha maana ya kipengele au kukigawa. La pili ni idadi ya watu inayotumika kama kigawanyo. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 61,741,120 Tanzania nzima, na asilimia iliyopigwa kwa makadirio ya sensa ya 2012 haiwezi kuunganishwa na iliyopigwa kwa sensa mpya bila kurekebisha. Halmashauri yenye chanjo ya asilimia 118 mara nyingi ina tatizo la kigawanyo, na wakati mwingine ina watoto wanaovuka mpaka kutoka halmashauri jirani.

Kwa wanaojenga modeli za kutabiri kwa ujifunzaji wa mashine, kanuni ya kwanza ni kutenganisha data ya kufundishia na ya kupimia kwa kituo na kwa muda. Ukizichanganya bila utaratibu, wagonjwa wa kituo kimoja wataingia pande zote mbili, modeli itajifunza mazoea ya kituo, na usahihi utakaouripoti hautaonekana tena mahali pengine. Katika mahojiano, nakili maneno kama yalivyosemwa kwa Kiswahili, weka misimbo, yaani lebo za mada, kwa Kiswahili, na utafsiri dondoo zile tu zitakazoingia kwenye tasnifu.

Hatua ya tisa: kuandika na kurudisha majibu

Anza na sura ya mbinu ukiwa bado vituoni, wakati unakumbuka nani alihesabu na kituo kipi hakikuwa na nakala ya fomu. Fuata orodha za kuripoti zinazotambulika: RECORD ya mwaka 2015 kwa utafiti unaotumia data za kawaida za huduma, COREQ kwa mahojiano, TRIPOD kwa modeli za kutabiri. Msimbo wa uchanganuzi, uwe wa R, Stata au Python, uandike ili mtu mwingine aweze kuuendesha kuanzia faili ghafi hadi jedwali la mwisho. Usibadilishe namba kwa mkono ndani ya Excel bila kuacha kumbukumbu.

Kabla ya kujiandaa kwa utetezi, rudi halmashauri. Mratibu wa MTUHA hana muda wa kurasa 120, kwa hiyo mwandalie kurasa mbili kwa Kiswahili, zenye mchoro mmoja wa vituo vyote bila majina na maelezo ya kiungo ambacho makosa mengi yaliingilia. Kwa kila kituo andaa karatasi yake peke yake, inayoonesha namba zake tatu kwa kila mwezi, na umkabidhi mganga mfawidhi kwa siri. Kama ulieleza katika andiko kwamba utafanya hivyo, kamati ya maadili inalihesabu kuwa sehemu ya kibali chako. Makosa yaliyobainika katika DHIS2 hayarekebishwi na wewe. Yanarekebishwa na mwenye mamlaka ya kuingiza taarifa, baada ya kuyaona mwenyewe kwenye rejesta.

Mwisho kuna kazi ya mafaili. Orodha inayounganisha namba ulizoweka badala ya majina na majina yenyewe ya vituo au ya waliohojiwa iwekwe mbali na data, kwenye faili lililofungwa kwa usimbaji, na ifutwe katika tarehe uliyoiandika kwenye andiko. Rekodi za sauti zifutwe kwenye kinasa sauti, kwenye kompyuta na kwenye nakala za akiba, si mahali pamoja tu. Data iliyoondolewa utambulisho, pamoja na kamusi yake inayoeleza kila safu, iachwe chuoni chini ya ulinzi wa idara kwa muda ambao kamati iliupanga, na jina la mtu wa kuulizwa liandikwe juu yake.